Waya wa Njano

Januari, mjini Balti. Theluji imegeuka matope, kisha jiwe.
Nina orodha ya milango kumi na minne
na koleo lenye mipini ya mpira mwekundu.
Ofisini huniambia: wewe husikilizi, wewe unakata.
Deni limesema, karatasi imesema,
mkono wako ni sehemu ya karatasi.

Nimeliamini hilo miaka sita.
Mke wangu huukuta mkono huo mezani usiku
umeshika kijiko kama mkono wa mtu yeyote.

Ghorofa ya tatu, mlango nambari kumi na mbili.
A. Ciobotaru. Miezi minne hajalipa.
Nikabisha. Hakuna jibu, ila mvumo,
mvumo mdogo wa kitu kifanyacho kazi bila kulalamika.
Friji, nikajisemea.
Nikafungua sanduku la mita. Nikakata.
Nikabandika karatasi mlangoni.
Mvumo ulikuwa umekufa.
Kisha, nyuma ya mlango, kikohozi.
Kimoja. Halafu kimya kirefu kuliko inavyopasa.
Kisha cha pili.

Nikatia alama ya vema kwenye orodha,
nikashuka ngazi hamsini na nne.
Nilizihesabu. Huwa sizihesabu.

Nani huwasha friji Januari
watu wakining'iniza nyama nje ya dirisha?
Swali lilinikuta na supu ya maharage,
likakaa kiti cha pili, likakataa kula.
Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sawa.
Na wa mtu wa mlango wa kumi na mbili,
asiye mwanangu, asiye shangazi, asiye hata na uso,
aujuaye ni nani? Mita?

Saa nne usiku nikavaa buti.
Sitasema nilikwenda kurudisha umeme.
Sijui nilikwenda kufanya nini.
Koleo lilikuwa mfukoni, na koleo lile
sijawahi kuungia kitu.

Ukumbini giza. Nikamulika kwa simu:
waya wa njano umetoka chini ya mlango wa kumi na moja,
umevuka sakafu, umepanda zulia la kufutia miguu,
umezama chini ya mlango wa kumi na mbili.
Na ule mvumo.

Mzee akafungua, fulana mwilini, kofia ya sufu kichwani:
Pantelimon, dereva mstaafu wa trolibasi.
Akaliona koleo.
"Umekuja kuukata na huu?"
Nikamuuliza kama wanajuana.
"Miaka tisa tunagombana kwa ajili ya ndoo ya taka.
Jina lake nimelisoma leo, kwenye karatasi yako."
"Sasa kwa nini?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
kwa nini amevaa viatu.
"Nilimsikia."

Nilimsikia.
Neno moja, nalo lilikuwa langu pia.
Tena mimi nilikuwa karibu zaidi:
yeye alitenganishwa naye na ukuta wa zege,
mimi na ubao wa mlango tu.

Waya wa namna hii, kanuni inataka, huripotiwa.
Kuna fomu. Kuna faini, kwa wote wawili.
Niliitoa fomu, nikaikunja, nikaitoa tena.
Wino ulikuwa umeganda,
au acha niseme hivyo.

Sikuomba radhi. Ningemwomba nani,
kupitia tundu gani la ufunguo?
Asubuhi nitamwambia mkubwa wangu: kikohozi.
Ataniuliza: shilingi ngapi, au lei ngapi,
kila nchi ina jina lake la kutosikia.

Nilipoondoka niliinua mguu juu sana,
kisha wa pili,
kama mtu anayemvuka mtoto aliyelala sakafuni,
gizani,
asijue ni mtoto wa nani.