Mara Saba Kuteuliwa

Sanamu ya kwanza inazuia mlango wa sauna.
Shaba tupu, walituambia jukwaani.
Leo ina kutu ya kijani kwenye vifundo,
na jina la bendi, pale chini, limekosewa herufi.

Kaka yangu Aulis alipiga ngoma. Mimi niliendesha gari,
gari kuukuu la mkate lililonuka hamira
hadi siku tulipoliuza kwa kilo, chuma chakavu.
Ensio gitaa. Kauko besi. Na Terhi,
mwenye sauti ya msumeno uliokutana na msumari.
Wote wanne zamu ya usiku, kiwanda cha karatasi, Varkaus,
mji unaonuka yai viza,
nasi tukaiita harufu ya mshahara.

Viatu vya Masizi: ndilo jina walilojipa.
Ninalo daftari. Lazima mtu aandike.

Mara ya kwanza Helsinki, bendi chipukizi,
safu ya kumi na tisa, nyuma ya nguzo.
Kauko kavaa suti ya marehemu baba yake,
mikono imemfika kwenye kucha.
Bahasha ikachanwa. Wakaitwa wavulana wa Turku,
wenye meno mazuri.
Tukapiga makofi.
Ukishindwa, makofi ni kibarua kama kibarua kingine,
ila hiki hakina malipo ya usiku.

Mwaka uliofuata, vivyo hivyo.
Na uliofuata.
Terhi akaanza kuufanyia mazoezi ule uso,
kwenye kioo cha gari, kilomita mia tatu za theluji:
tabasamu, nyusi juu, kichwa upande kidogo,
kama mtu aliyefurahia harusi ya mchumba wake wa zamani.
Mteule na mteuliwa, akasema,
silabi moja tu, na tazama ilivyo ndefu.

Kisha kuna ukurasa mtupu.
Ni mwaka wa ile albamu waliyoirekodi Januari
katika shule iliyofungwa, hita imekufa,
Aulis akipiga ngoma na glavu za sufu,
pumzi zao zikionekana kuliko wao.
Hakuna aliyeiteua kwa lolote.
Ukurasa huo sijauandika kitu,
nao ndio ninaoufungua mara nyingi.

Walishinda kwa nini, basi? Kwa mzaha.
Ensio alitunga wimbo kuhusu baiskeli ya mkwe wake,
dakika kumi na mbili, juu ya mfuko wa viazi.
Nchi nzima ikauimba, hadi watoto wa chekechea.
Ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume:
Ensio alipokea ile shaba akiwa ameinama,
kama mtu anayerudishiwa kofia aliyoitupa makusudi.

Baada ya hapo mbili tena, bure. Sitazieleza.

Machi moja Aulis alipanda kuondoa theluji juu ya paa la mama.
Moyo. Koleo lilishuka kabla yake.

Septemba wakatupa Tuzo ya Heshima,
ya saba katika daftari, na ukumbi wote ukasimama,
hata wale wa Turku, meno sasa ya bandia.
Nikasukumiwa kipaza sauti, mimi, dereva.
Nikasema asanteni,
na kwamba gari nimeliegesha pasiporuhusiwa.
Wakacheka sana.
Sikuwa nimetania. Tulilipa faini.

Hiyo ya pili ni ya kioo. Iko dirishani kwa mama,
anaianikia soksi.

Jumamosi huja waliobaki.
Tunakaa uchi na uzee wetu, mvuke ukitutafuna masikio,
hakuna anayetaja muziki.
Jana tu Terhi alipokwenda kuachia mlango
aliigonga ile sanamu kwa upawa wa maji,
mara nne, taratibu,
vile Aulis alivyohesabu kabla ya kila wimbo.
Ikalia bati.
Kauko akainua kidole kutafuta uzi wa besi hewani,
akakikuna nacho kidevu,
akamwaga maji mengine juu ya mawe.