Mkanda

Teksi ililala chali barabara ya Tai Po,
magurudumu yakizunguka hewani.
Nikatoka dirishani mzima, kiatu kimoja,
na mfuko wa machenza ya Shuk-yee.

"Mkanda ndio uliokuokoa," akasema askari
akinakili kitambulisho changu.
Kweli. Begani umeniachia mchirizi wa zambarau.

Redio, ndani ya mabati yale, haikuzimika:
sheria ya usalama wa taifa, ikasema, nayo ni mkanda,
tujifunge.

Haya. Lakini huu nilijifunga mwenyewe,
na niliponing'inia kichwa chini nikinusa petroli
kidole kilijua kifungo kilipo.

Ule mwingine, afande,
kifungo chake kiko wapi?

Sikuuliza.
Nikaokota chenza lililoviringika hadi kwenye buti lake,
nikashika njia, mguu mmoja ukisikia lami.