Unene wa Diski

Lilikuwa jiwe la mlango.
Miaka mingi lilikaa pale jikoni, Katubuka,
mlango usijipigepige upepo ukipanda kutoka ziwani,
na mama akitoka kuoga alisugulia kisigino juu yake,
mguu mmoja, kisha wa pili,
asijue kwamba ni akiki.
Hata mimi sikujua, mpaka nilipoanza kazi hii ya mawe
palepale uani kwake
na macho yangu yakabadilika.

Hakuacha shamba. Aliacha jiwe
na mapacha: mimi Bukuru, na Butoyi aliyenifuata kwa robo saa
na ambaye mpaka leo anaidai hiyo robo saa.
"Niachie mimi," alisema. "Wewe mawe unayo debe zima."
Nikasema, "Basi tulikate."
Akacheka. Akaona sicheki.

Msumeno wangu haufanani na msumeno.
Mota ni ya kinu cha mahindi kilichofia Gungu,
belti ya Landrova,
diski ya almasi ilikuja kwa treni, imeviringishwa gazeti.
Haina meno. Kidole inakiacha;
inataka kigumu tu.
Maji yanashuka kwa mpira wa dripu,
mpira kama ule wa Maweni, wodi ya pili,
wenye kile kigurudumu cha kupunguza na kuongeza
tulichokuwa tukikisogeza usiku, nesi akisinzia.
Butoyi aliuangalia. Hakusema kitu.

Nililibana jiwe kwa vipande viwili vya mninga,
nikafunga kamba, nikaning'iniza kopo la misumari
livute jiwe polepole kuelekea kwenye diski.
Ukisukuma kwa mkono unaharibu. Mkono una haraka.

Saa nzima, vidole viwili.
Mama Nyandwi wa jirani alifunga dirisha kwa kishindo,
akalifungua, akalifunga tena
ili tujue kwamba amelifunga.
Tope likapanda kwenye beseni, rangi ya uji wa ulezi.

Saa mbili usiku umeme ukakatika.
Jiwe likabaki limeshikana kwa kipande cha kidole gumba.
"Lete nyundo."
"Hapana."
"Si imebaki kidogo tu?"
"Hapo penye kidogo ndipo linapopasukia."
Tukala migebuka kwa mwanga wa simu,
na jiwe liko nje gizani,
si moja, si mawili.

Nilisahau swichi.
Saa tisa umeme ukarudi, mota ikaamka peke yake,
diski ikalia kikavu, bila tone la maji.
Nikatoka mbio na kanga moja, nikapiga teke ndoo,
nikamkuta Butoyi ameshafika.
Hakuwa amekwenda kwake. Mkeka wake ulikuwa pale, kando ya msumeno.
Amekishika kile kigurudumu,
amefungulia maji yote.
Tukasimama hivyo
mpaka kopo la misumari likagonga sakafu.

Asubuhi tuliziosha nusu mbili kwa sabuni ya mawese.
Ndani, pete juu ya pete: kijivu, maziwa, wekundu wa tofali,
na katikati kitundu kinachometameta
kama chumvi ya Uvinza.
Tukazitazamisha. Pete za kwangu
zilizidi za kwake kwa unene wa uzi.
"Umeniibia."
Nikamwonyesha diski. Milimita mbili.
"Hizo hazikuja kwangu wala kwako. Zimeliwa."

Akageuka kulitazama beseni.
Tope lilikuwa limetuama, maji juu yake yameanza kuangaza.
Nikamwambia asilimwage mtaroni, linaganda, linaziba.
Hakunisikia, au alinisikia.
Alikunja suruali, akachota kwa vidole vitatu,
akalipaka kisigino, akasugua,
mguu mmoja,
kisha akanyoosha wa pili.

Mlango wa jikoni ukajipiga.
Hakuna aliyeinuka.