Kijiti

Mwaka ule Asava hakutuma pesa za mbolea.
Alituma salamu tu, na sauti yake ilikuwa na kutu.
Kiwanda cha Nakuru kilikuwa kimefunga lango,
na mimi huku Chavakali nina robo eka
iliyozoea kulishwa kutoka dukani
kama mtoto wa maziwa ya kopo.

Nikashika jembe, nikagonga.
Udongo ukalia kama kigae.
Hakuna nyungunyungu, hakuna harufu.
Mahindi ya msimu uliopita yalinifika kiunoni
yakachokea hapo,
na chini yake kayongo imechanua zambarau,
nzuri kama mgeni anayekula akiba.

Bibi shamba akaja na kikaratasi:
"Udongo wako umekuwa mchachu, mama."
Nikaweka chembe ulimini.
Sikuonja uchachu. Nilionja miaka ishirini
ya kuchukua na kuchukua,
mabua kwa ng'ombe, magunzi kwa jiko,
hata majani makavu tukiyachoma Jumamosi
ili boma lionekane safi kwa wageni wa kanisa.

Basi nikaanza kuomba. Si kwa Mungu, yeye anajua.
Niliomba maganda.
Maganda ya ndizi kwa Kavosa wa hoteli,
majivu kwa wachoma mahindi wa stendi.
Nikakata alizeti mwitu kwenye ua wa kila mtu,
ile ya maua ya njano ambayo hakuna aliyeipanda.
Majani ya mkaratusi nikayaacha: yale yana roho ya ubahili.
Wavulana wa bodaboda wakanipa jina, Mama Jalala.
Nikaitika. Jina halichubui ngozi.

Chini matawi, ili pumzi ipite.
Juu yake mabua, kisha mabichi, kisha samadi,
kiganja cha majivu, udongo wa kivulini,
maji kidogo kidogo
kama ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi.
Mwisho, katikati, kijiti kirefu cha mpera,
kimechongwa ncha, kimedungwa mshazari
mithili ya kipimajoto kwapani.

Siku ya tatu nikakichomoa: baridi.
Ya tano nikakichomoa nikakitupa,
kimeniunguza kiganja!
Nikacheka peke yangu nyuma ya choo,
kisha kicheko kikaniponyoka,
maana niliwahi kuushika mkono wa mama
kwenye kitanda cha hospitali, Mbale,
nikitafuta joto hili hili
nikalikosa.

Wiki ya tatu nikapindua. Nikapindua tena.
Mgongo uliuma, hilo lisifichwe.
Na msimu wa kwanza haukuwa muujiza:
magunia mawili badala ya moja na nusu,
maharage ya kupima kwa kikombe,
kayongo ingalipo, imepungua kidogo
kama mdai aliyeanza kuona aibu.
Ila mvua kubwa ya Aprili ilipopiga,
maji ya kwa jirani yalishuka mekundu kuelekea mtoni,
ya kwangu yakaingia ndani, yakakaa.

Asava alirudi Disemba na begi moja.
Hakutazama watu machoni. Alizunguka shamba
kama mtu anayetafuta alichokidondosha.
"Dada, sina kitu cha kukupa."
Sikumjibu kwa methali.
Nilimpeleka nyuma ya choo,
nikachomoa kijiti, nikamwekea mkononi.
Akakishika. Akakishika hadi kikapoa.
"Umeweka moto gani humu?"
Maganda, nikasema. Vitu walivyotupa watu.

Kesho yake nilimkuta ameamka kabla ya jogoo wa Kavosa,
uma mkononi, mvuke umemfunika hadi mabegani,
anapindua vibaya,
anamwaga nusu nje.

Nikamwacha.