Pamba Sikioni

Jina lake Deni.
Mwaka ule baridi ilipochoma viazi vya Mau Narok
Baba Kirigo alishindwa kunilipa magunia mawili,
akaniletea kijibwa ndani ya kikapu.
"Mama Wairuri, deni limeisha."
Sikucheka. Nilikuwa bado nahesabu viazi.

Usiku kikalia, nami nikakisikia nusu,
maana sikio langu la kushoto lilizimika nikiwa darasa la tatu:
tone la mafuta ya taa,
mkono wa shangazi,
nia njema.
Nia njema nayo huunguza.

Basi Deni akakua, akawa upande wangu wa kushoto.
Geti likiguswa, yeye ndiye ajuaye.
Mwizi wa kuku akikanyaga bua kavu,
manyoya ya mgongo wa Deni huniambia.

Mashine ikavuna shayiri ya jirani.
Deni akafukuza sungura katika mabua
akarudi kichwa upande,
kama karani anayesomewa hesabu asiyoiamini.
Siku tatu akitikisa, pa-pa-pa,
masikio yakimzaba mashavu.
Nikainama. Harufu
ya maziwa yaliyosahauliwa kibuyuni.

Gathogo akasema: mafuta ya taa, kijiko kimoja.
Mwanawe akasema: kijiti na pamba, chokonoa mpaka mwisho.
Mkewe, akichambua mboga, hakuinua hata uso:
sikio la kufa halisikii dawa.

Nikafunga kamba.
Tukashuka Njoro kwa pikipiki,
Deni kati yangu na dereva,
amenyamaza kama mtoto anayejua anapelekwa kudungwa sindano.

Tallam, daktari wa mifugo, nyuma ya kinu cha unga,
akawasha kitaa chenye pua ya koni, akachungulia.
"Shika kichwa. Shika kweli."
Koleo jembamba likaingia, likatoka
na unywele wa shayiri,
mmoja tu, mfupi kuliko ukucha wangu,
una vijimwiba vinavyojua kwenda mbele, havijui kurudi.

"Kijiti kingeusukuma hadi kwenye ngoma," akasema.

Ngoma.
Miaka hamsini na sita sikujua
kwamba ile iliyopasuka kwangu ilikuwa ngoma.

Sasa kila Jumapili, jua likiwa bado kibarazani,
nainua sikio lake kama anayefunua sufuria.
Kwanza nanusa. Pua haidanganyi.
Dawa ya maji naipasha moto kiganjani,
naimimina, nakanda chini ya sikio
hadi lijibu, chwa, chwa.
Kisha namwachia atikise
(usisimame hapo na leso ya kanisani),
nafuta kwa pamba ninachokiona.
Nisichokiona
si changu. Ni cha Tallam.

Paka naye, Mjomba, wa ghala la mahindi,
masikio yake yalijaa weusi kama machicha ya kahawa.
Utitiri, akasema Tallam, akatoa matone ya paka,
ya paka, mama, si ya mbwa.
Nina alama tatu mkononi za kumshukuru Mjomba.
Deni naye alitibiwa siku hiyohiyo,
kwani hao wawili hulala gunia moja
na utitiri haujui mpaka.

Zamani, aliyetia pamba masikioni
ndiye aliyekataa kusikia.
Mimi Gathogo akinipita na pamba yangu hunicheka:
mbwa anaoshwa masikio, watu hawajaoga!
Namgeuzia upande wa kushoto.

Jana usiku Deni alibweka mara mbili, akatulia.
Nikainuka kitandani, nikageuza sikio zima dirishani,
nikangoja.
Ilichukua muda kunifikia:
mvua, ikishuka kutoka Mau,
ingali mbali.