Awamu ya Tatu

Jumatano asubuhi, chumba cha chini, Middlesbrough.
Nje theluji ya majimaji inaanguka
kama haijaamua iwe mvua au iache.
Tumeketi watu kumi na mmoja, sahani moja ya biskuti,
na ramani ya hospitali mezani,
kingo zake zimekandamizwa na vikombe vya chai.

Vitanda vya mahututi tunavyo kumi na vinne.
Daktari Sahota anataka arobaini na viwili.
Si leo, anasema, wala si kesho:
siku hiyo.
Haitaji ni ipi. Mto Tees ukipanda ngazi,
kiwanda cha kemikali kikishika moto,
au kikohozi kikishuka kwenye ndege
na kibegi chake cha mkononi.

Awamu ya kwanza tutachukua chumba cha kuzindukia,
wanakoamka waliobadilishwa magoti.
Ya pili, vyumba vinne vya upasuaji.
Ya tatu —
nainua uso. Hakuna aliyeniita.
Mama alishazaa wawili nilipokuja mimi,
hakusumbuka kutafuta: Tatu.
Wao wanaisema kwa lugha yao,
mimi ndiye ninayeifasiri kimyakimya
na kujikuta nimeandikwa ukurasa wa kumi na tisa:
kantini itolewe meza, iingizwe vitanda;
muuguzi mmoja, wagonjwa watatu. Ikibidi, wanne.

Clive Thackray, fundi wa mabomba, anakohoa.
"Vitanda nitawapa hata mia. Pumzi ndiyo sina."
Wote wakivuta kwa pamoja, anasema,
tangi la oksijeni linaota barafu, hata Julai,
na aliye mwisho wa bomba anapumua makombo.
Anachora kwa penseli bomba la kwenda kantini.
Jembamba. Mrija wa soda.

Wenzangu wanaandika. Kalamu yangu imelala.
Mwisho wa bomba napajua.
Mwaka ule, kitanda cha tisa, Bwana Alderson,
aliyeendesha winchi kiwanda cha chuma kabla hakijafungwa:
nilimshikia simu sikioni, imo ndani ya mfuko wa plastiki,
binti yake akimsomea matokeo ya mpira
mpaka ligi za chini huko, timu asizozijua mtu.
Kengele ikalia kitanda cha kumi na moja.
Nikamwambia, narudi sasa hivi.
Enyi wenye lugha hii, mnaijua hiyo sasa hivi
ilivyo ndefu.
Yangu ilichukua dakika arobaini.
Simu ilikuwa bado inaongea juu ya shuka.

Kwenye jedwali kuna safu ya mashine, safu ya pampu,
dawa za usingizi za siku ishirini na moja,
magauni, hata mifuko ya — nisiitaje.
Safu ya watu imeandikwa: watapatikana.
Watapatikana! Kama vitunguu.
Nikasema: ongezeni mtu mmoja asiye na mashine,
asiye na drip wala kengele,
kazi yake iwe kurudi tu.
Kimya. Biskuti ikavunjika mdomoni mwa mhasibu.
"Tumweke awamu gani?" akauliza mwenyekiti.
Nikamtajia.
Hakujua kwa nini nimetabasamu.

Mchana Clive alibandika tepu ya njano sakafuni mwa kantini,
mstatili ubavuni mwa mstatili, akitambaa kwa magoti.
Doreen wa jikoni akauliza viazi vyake
atavikaangia wapi siku hiyo;
hakuna ukurasa unaosema.
Nilikula ndani ya kitanda cha thelathini na tatu.
Supu haikukolea. Nikamwambia fundi
nafuata chumvi, narudi sasa hivi,
na nikarudi
kijiko chake hakijafika mdomoni.