Hodi ya Ngezi

Banda namba tatu. Mlango uliolegea bawaba,
neti yenye tundu moja lililozibwa kwa uzi wa rangi nyengine,
ndoo, kata, taa ya jua inayofifia
kabla ya isha kuadhiniwa huko Konde,
na daftari la wageni: wa mwisho kabla yangu
kaandika kurasa mbili juu ya ndege mmoja.

Mie ni wa Wete. Nimezaliwa mwendo wa saa moja na ushei
kutoka msitu huu, na leo ndiyo mara ya kwanza
kulala ndani yake, kwa risiti.
Wifi yangu alicheka mpaka akakaa chini:
"Ulipe pesa ukalale na komba?
Si uje kwangu Makangale, wanapita juu ya bati bure!"

Alasiri tulikwenda kuwatazama popo.
Shaame mbele, darubini shingoni
imefungwa kwa kipande cha kanga.
Akanyoosha kidole, hakusema kitu.
Nilidhani ni matunda, meusi, yaliyoivia mtini hadi kukauka.
Kisha tunda moja likajikuna.
Jengine likafungua bawa, likajipepea
kama mama mwenye joto anayesubiri daktari.
Mia nne na kumi na saba, alisema Shaame.
Yule wa kumi na nane ana shaka naye,
huenda ni jani.

Babu yake aliwatega kwa nyavu.
"Walikuwa watamu?"
Akaangalia nyuma kwanza.
"Mchuzi wake," akasema, "ulikuwa mzito. Wa nazi."
Halafu akaandika tarehe.

Usiku msitu haulali, unapanga vyombo.
Kitu kinaangusha maganda juu ya makuti,
kitu kinakimbia, kinasimama, kinanifikiria.
Komba akalia kama kichanga,
na mie, miaka kumi na tisa wodi ya wazazi,
miguu yangu iligusa sakafu kabla ya akili.

Kisha yeye.

Hu.

Moja tu. Kimya cha pumzi nne.

Hu.

Kwetu anaitwa kihodi, na hatajwi jua likishatua.
Usiku aliofariki mama alikuwa juu ya mkungu, uani.
Ami alitia chumvi kwenye makaa,
akarusha jiwe, akarusha ndara, akarusha mchi wa kuazima.
Hu, akasema ndege, akahamia mti wa pili.
Mama alikuwa na sukari, na mguu uliooza,
na dawa ilikwisha tangu Ijumaa.
Mimi ndiye niliyeandika "imekwisha"
kwenye kitabu cha stoo, kwa mwandiko mzuri.
Msibani tulimlaumu ndege.

Shaame akagonga kwa ukucha:
"Dada Zuwena, yuko karibu."
Tukatoka na tochi iliyovishwa kitambaa chekundu.
Hatua thelathini, arubaini.
Jani likanishika shavu kwa mkono wa maji.

Na kumbe ni mdogo!
Angeenea ndani ya kikombe cha uji,
rangi yake ganda la mdalasini,
macho ya manjano yasiyouliza kitu.
Kwa kimwili hicho
tulimbebesha maiti wangapi?

"Anamwita nani?"
"Mkewe. Subiri."

Tukasubiri. Mbu wakala, wakashiba, wakaita jamaa zao.
Kisha upande wa kinamasi, nyembamba zaidi:

Hu.

Hodi ile haikuwa ya kwetu.

Nimerudi bandani, nimefungua daftari.
Popo: 417, labda na jani moja.
Komba: kusikia tu.
Kihodi: wawili.
Kwenye maoni, nimekaa sana na kalamu,
nikaandika: bawaba ya namba tatu yataka msumari.

Nje akabisha tena.
Karibu, nikasema, hata hivyo,
kwa ile sauti yangu ya zamu ya usiku
isiyoamsha mgonjwa.